Mbuyi na Kabanga ku Mulango wa Bamasere

Mwambuyi, mama wa mapasa, bibi yangu Ngalula,

Miye niko na myaka makumi sita na kitu. Mompe, padri mwenye alinibatiza, aliangalia meno yangu, akaandika myaka yenye ilimupendeza, na miye sikubishana naye. Nimeishi kupita ile homa kubwa yenye ilijaza makaburi wakati ningali kijana. Nimeishi kupita vita mbili za bazungu, bakaka zangu bote, bakubwa ba kazi benye banapiga kelele, na bendera ya Babeleji yenye tuliambiwa haitashuka. Tanuru ya shaba yenye nilianza nayo kazi ilibomolewa, miye niko nasimama. Kama nitaishi kupita hii Katanga yao, sijui. Lakini sikuwaza hata siku moja kama nitaishi kupita sauti yako ndani ya nyumba.

Ninaandika miye mwenyewe, hakuna mwandishi ananisaidia. Posta ya huku Lubumbashi haifiki tena Kasai, juu banasema tumekuwa inchi ingine. Barua nitaipatia muntu ya treni ya bakimbizi, na sijui ataitupa wapi. Kwa hiyo weye mwenye unaisoma, pale Bakwanga ao pale njiani, kama hauko Ngalula, soma kwa sauti kubwa mu soko. Akisikia Shambuyi, baba wa mapasa, atageuka.

Unakumbuka siku babinti betu ba mapasa, Mbuyi na Kabanga, balizaliwa? Bamama ba avenue yetu ya Katuba baliimba nyimbo za mapasa, zile za matusi, banatutukana weye na miye mbele ya bantu vile desturi inaomba. Miye, kapita, musimamizi wa tanuru, muntu ya heshima, balinipaka udongo mweupe pa uso, na nilicheza kupita bote. Hakuna muntu mu Katuba anaweza kukataa. Weye ulikuwa unalala, unacheka kwa uchovu. Uliniita karibu ukasema, "Shambuyi, tangu leo hauna tena ruhusa ya kununua kintu kimoja."

Nilifikiri unachezea. Kisha siku moja nikabaletea yai moja, nikasema batagawanya. Ulinirudisha ku soko na lile yai mu mukono. Barafiki ba kazi balinikuta njiani. "Kapita, unaenda wapi na yai?" Nikabajibu, "Naenda kulitafutia ndugu." Balicheka mupaka mushahara ya mwezi wenye ulifuata. Lakini nilikuja kuelewa. Kwenu Kasai na kwetu Basanga, mapasa ni kama bakubwa benye banatembelea nyumba yako. Ukipatia mumoja na kunyima mwingine, ule mwenye unanyima anaweza kukasirika na kurudi kule alitoka, na mwenzake anamufuata. Sikununua tena kintu kimoja. Viatu, vikombe, vitambaa vya kichwa, vyote viwili viwili. Bahindi ba maduka balinijua. Bakiniona mulangoni, banatoa viwili bila kuuliza.

Unakumbuka pia vile ulinifundisha kuandika, siku za mungu kisha misa, mu mangaribi, nyuma ya nyumba? Katekisimu ilinipatia kusoma, kuandika haikunipatia. Nilikuwa nashika kalamu na nguvu, inavunjika. Ulisema, "Baba, kalamu haiko koleo ya moto. Haitakimbia." Weye ulisoma ku bamasere, bale bamama batawa, kule kwenu, unasoma barua ya Kifalansa kama muntu anaimba, na haukunicheka hata mara moja, ao ulicheka wakati nilikuwa sikuangalie. Sasa ona, naandika bila kuvunja. Ni mukono wako huu, unafanya kazi mu mukono wangu.

Kisha ikakuja hii mambo ya inchi, banasema bantu ya Kasai barudi kwabo. Bavijana banapita mulango kwa mulango, "Hapa kuna muntu ya Kasai?" Nilibajibu, "Hapa iko miye na panga yangu." Balicheka bakaenda, kesho yake bakarudi. Jirani mwenye tuligawana naye chumvi akaanza kupita bila kusalimia. Ulienda ku kambi ya bakimbizi na bandugu zako. Batoto balikuwa na surua, macho yamefungwa, homa inabachoma, na kule kambi batoto balikuwa banakufa. Njo nilisema babaki kwangu. "Baba yao ni Musanga, hakuna mwenye atabagusa. Ni siku kidogo tu." Nilisema vile kwa sauti yangu ile ya tanuru, na weye ukaniamini.

Siku ya treni ulitoa kichwa pa dirisha. Haukulia. Ulisema, "Shambuyi, usibaache bila masomo. Na usibatenge." Nikajibu, "Hiyo ni kazi kidogo kwangu."

Mwambuyi, hiyo maneno yako mawili, njo yenye imenishinda.

Nilianza na masomo ya leta, ya serikali, yenye haiombe falanga. Nyumba iko, mabanki iko, batoto banajaa. Lakini balimu balikuwa bandugu zako, na bote balipanda treni. Amebakia mumoja. Anafundisha madarasa matatu pa mara moja, anatoka huku anaingia kule na fimbo, jasho inamutoka. Nilimuuliza, "Mwalimu, batoto banajifunza nini hapa?" Akasema, "Banajifunza kunyamaza, muzee. Na bado habajajua." Nilibaacha pale mwezi muzima. Kabanga alirudi na wimbo moja wa bendera. Mbuyi alirudi na chawa.

Nilijaribu kwa Baprotestanti. Kule banalipa kidogo tu. Lakini iko ngambo ya reli, na basoda banafunga ile barabara na kuifungua vile banataka. Siku ya kwanza tulirudishwa, siku ya pili bunduki ililia na tulilala chini mu mufereji, bote batatu, na nguo safi. Sikurudi tena. Tena najua vile ungesema ukisikia batoto bako banaimba kitabu ya bale.

Dada yangu Kaimba akatoka Kambove na mufuko wa muhogo pa kichwa, juu alisikia nateseka. Alikaa pa kiti chako, hakuomba ruhusa.

"Nipatie hawa bana," akasema. "Tutalima. Mwanamuke anasoma juu ya nini? Atasomea muhogo?"

"Mama yao alisoma."

"Na kusoma kwake kumemusaidia kupanda treni."

Kaimba mwenyewe alisikia haya, akaanza kutwanga bila kuombwa. Na kubatuma kwako niliwaza pia, wala usiseme sikuwaza. Lakini bantu banasema kule kwenu njaa inachukua batoto mbele ya bakubwa. Sijui kama ni kweli. Sijui hata kama weye unakula.

Kulibakia bamasere, kule katikati ya muji. Kule klasi iko na mwalimu mumoja kwa darasa moja, na mutoto akitoka anajua kuandika barua, kushona, na kujibu muzungu bila kutetemeka. Lakini kule banalipa kila mwezi, na nguo ya bluu, na viatu vyeupe, na vitabu. Pensheni yangu, hata banipatie hii falanga mupya ya Katanga yenye sura ya muzuri, inaishia ku unga na makala ya kupikia. Niliuza kinga yangu, ile baiskeli yenye ulikuwa unapanda nyuma tukienda misa. Nikanunua nguo za bluu mbili na viatu vyeupe pea mbili, mbele hata ya kuomba nafasi za bure. Niliwaza vile, masere akibaona wamevaa, atakataa namna gani?

Masere Mukubwa alitupokea muzuri. Alibapatia batoto kitabu, bakasoma kila mumoja mustari wake, hakuna mwenye alipita mwenzake. Kisha akavua miwani.

"Baba, sheria yetu ni nafasi moja ya bure kwa nyumba moja. Wa pili analipa kama bengine."

"Masere, hawa ni mapasa."

"Naona. Njo maana nakuambia uchague."

"Mapasa habachaguliwe."

"Mungu anaona kila mutoto peke yake, baba."

"Mungu mwenyewe njo alibatuma pamoja, masere. Angekuwa na nafasi moja, angetuma mumoja."

Alicheka kidogo. Haiko mubaya, ule mwanamuke. Iko na sheria yake vile miye niko na yangu. "Siku ya kwanza ya juma," akasema, "mulete mumoja."

Mwambuyi, miye nilikuwa naangalia rangi ya moto tu na najua kama shaba imeiva. Bazungu na mashini yao bananingojea niseme. Siku zile nilikaa naangalia batoto bako banakula bukari, naangalia mumoja, naangalia mwingine, na hakuna rangi yenye niliona. Nikabauliza. Mbuyi akasema, "Kabanga aende." Kabanga akasema, "Mbuyi njo mukubwa." Kisha bakaanza kusukumana juu ya mboga ya sombe, kama vile sikuuliza kintu.

Siku yenyewe nilibavalisha bote wawili. Nilisema nitachagua pale pale. Mulangoni kunakaa zamu, mulinzi, jina lake Kasongo, Muluba wa kwetu Katanga, muntu ya maneno.

"Muzee, ni nani anaingia?"

Nilifungua kinywa. Kengele ililia, batoto ba bantu banapita pembeni yetu, mulango unaanza kufungwa, na miye bado nimefungua kinywa kama samaki. Njo Mbuyi aliachilia mukono wa mwenzake, akaenda kuketi pa chini, karibu na lupango, uzio wa masomo, na ile nguo ya bluu yote mu vumbi. Kabanga akaangalia miye, akaangalia mwenzake. Kasongo akamuingiza taratibu.

Tangu siku ile tunaenda bote batatu. Sikuweza kuacha mumoja nyumbani, iliniwia kama kubatenga mara mbili. Kabanga anaingia, miye na Mbuyi tunaketi nje. Darasa lao liko upande wa lupango, madirisha iko wazi. Masere anasema, batoto banarudilia, na Mbuyi naye anarudilia, anaandika mu vumbi na kijiti. Hata miye najua sasa siku za juma kwa Kifalansa, kupita bamoja benye banalipa. Kasongo anatuchokoza. "Muzee, mwaka huu utapata diploma." Namujibu, "Nitapata, na weye utaendelea kufunga mulango."

Pa kutoka, Kabanga anatoa mukate mu nguo, ule wenye banabapatia saa ya mapumuziko. Haulume mupaka Mbuyi akamate nusu yake. Masere alimukatalia kuutoa nje. Hajaacha.

Sasa kuko maneno mapya. Kabanga alipata homa, akalala, na bamama ba avenue bakaanza kunong'ona kama ni miye. "Shambuyi amebatenga, unaona?" Walikuwa bale bale benye baliimba siku ile. Nilibafukuza na maneno ya muntu mukali, kisha nikaingia ndani nikashika muguu wa mutoto, na sikuwa mukali tena. Homa imeshuka. Lakini leo Masere Mukubwa alitoka mupaka ku lupango, akasimama mbele yetu.

"Baba, mutoto hawezi kukaa hapa kila siku na nguo yetu. Bazazi bengine banauliza. Kesho ulete mumoja, ao usilete."

Nilimuambia nilipikia hii muji shaba yake yote. Akasema, "Najua, baba." Alisema vile kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kupita matusi.

Kwa hiyo nakuuliza, weye mwenye ulisema maneno mawili pa dirisha. Nikimutoa Kabanga, bote banakosa masomo. Nikimuacha Mbuyi nyumbani, nimebatenga, na kama kuko kintu kenye kinawafuata mapasa, kitafuata nani? Lipi lilikuwa la mbele, Mwambuyi? Ungeniambia siku ile, treni ilikuwa bado inasimama. Najua hii barua haitafika mbele ya kesho. Labda haitafika kabisa. Nimezoea kazi yenye muntu anashika na koleo, anavuta, inakuja. Hii haina pa kushika.

Kesho nitaenda nao bote wawili, nitasimama mulangoni. Kingine sijui.

Kula, kama kuko chakula. Lala mahali pakavu. Bwana wako mwenye anakungojea mu nyumba ile ile,

Shambuyi

Kama unafikiri nimejisifu ao nimedanganya, kuko bantu benye banaweza kukuambia. Muulize Kasongo, zamu wa bamasere, anatuona kila asubuhi. Muulize dada yangu Kaimba, hata kama hamupendani, uongo haujue. Na Mbuyi iko hapa pembeni yangu, amesikia yote vile nilikuwa nasoma kwa sauti. Nimemupatia kalamu aandike jina lake pa chini, ili ujue ni kweli. Nilimuambia jina lake tu. Ameandika yote mawili.

Mbuyi Kabanga