Sanduku la Posta 41

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kilishukia njiani. Sisi huku hatujambo. Bibi hajambo ila goti, na goti lenyewe anasema halijambo ila ngazi. Baba anakusalimu. Bado ni fundi bomba wa hospitali, bado anarudi na suruali iliyolowa magotini, na bado anasoma barua za watu. Ile yako ya mwezi uliopita, uliyosahau kuibandika, aliisoma posta palepale akiwa amesimama, akaja kutusimulia kabla hatujaiona. Nilipomwambia si vizuri, alinijibu kwamba bahasha iliyo wazi ni mlango ulio wazi, na mwenye nyumba akiacha mlango wazi anataka wageni.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua kwenye simu: "eeh", "sawa", "haya", basi. Na haya niliyo nayo hayaendi kwa "eeh". Nimechanganyikiwa, Dada. Nitakuandikia kama yalivyofuatana, labda wewe utaona kichwa na mkia. Mimi nimeshika kiuno tu.

Mwezi wa sita lilitoka tangazo kwamba jeshi linajenga ukuta wa majina ya askari waliouawa vitani, kila jina na tarehe yake ya kufa, na kwamba kila familia ipeleke ukoo wa marehemu wake: wazazi, mke, watoto, wajukuu. Siku ya kuuzindua, watoto wa marehemu watakaa mstari wa mbele na kila mmoja ataitwa asimame. Baba alilisikia redioni akiwa ananyoa ndevu. Alitoka na povu shavu moja akatuambia tunyamaze, na hakuna aliyekuwa akizungumza.

Unajua Baba anachojivunia. Hakumwona Babu hata siku moja, lakini Babu alimjua. Alipata habari za kuzaliwa kwake akiwa huko vitani, akamwandikia Bibi, na maneno ya barua ile Baba ameyapaka rangi nyeupe kwenye kifuniko cha sanduku lake la vifaa: Mwambieni asiogope watu, watu nao wanamwogopa. Mimi nimeambiwa maneno hayo tangu nikijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Sijawahi kuyaamini sana, ila nilipenda kwamba yametoka mbali.

Fomu zote ziko kwa lugha ile nyingine, ya ofisini. Kwa hiyo shule ilipofunga, Baba alinituma mimi. Bibi siku hizi ananiita Mkalimani. Mimi huyu, ambaye kwa lugha zote mbili siwezi kuomba chumvi.

Ofisi ya kumbukumbu ina korido ndefu yenye viti vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo, kama vile kuna mtu angetamani kuiba kimoja. Karani amevaa sweta mchana wa jua kali, na miwani yake ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Mara tatu aliniambia nipaze sauti. Mara ya nne akaniuliza kama nimekuja kutafuta askari au nimekuja kumnong'oneza askari. Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikasahau hata jina la ukoo wetu, ikabidi nimpe karatasi aliyoandika Baba.

Alivuta droo, akapekua kadi, akaipata ya Babu. Palipoandikwa jamaa wa karibu, kadi ilisema: kaka yake, fundi baiskeli, Sanduku la Posta 41. Palipoandikwa mke, patupu. Watoto, patupu. Karani akasema kwa kadi hiyo, watakaokaa mstari wa mbele ni watoto wa fundi baiskeli, labda huyo kaka mwenyewe aandike na kutia sahihi kwamba si kaka. Kupiga picha hakuruhusiwi, kwa hiyo nilinakili kila kitu kwenye daftari. Nilipofika tarehe ya kifo mkono ulisimama. Tarehe tisa, mwezi wa tatu. Baba alizaliwa mwezi wa nane, mwaka uleule.

Nyumbani nilisubiri Bibi aende kuanika nguo, nikafungua lile kopo lake la maziwa ya unga lenye barua. Nimemsomea barua zile tangu nilipojua kusoma, nusu yake naijua kwa moyo, lakini tarehe sikuwahi kuziangalia. Bibi mwenyewe huniambia niruke tarehe, nianze kwenye salamu. Ziko kumi na moja. Saba ni za kabla ya mwezi wa tatu. Nne ni za baada ya tarehe ile: mwishoni mwa mwezi wa tatu, wa tano, wa saba, na ya mwisho ya mwezi wa nane, ndiyo ile ya Baba.

Maiti haandiki barua. Basi nikafikiri kadi ni ya mtu mwingine, maana hatuna babu fundi baiskeli. Kisha nikafikiri labda Babu hakufa. Siku mbili nilitembea na babu aliye hai kichwani. Kila mzee niliyepishana naye barabarani nilimtazama masikio, kwa sababu Bibi husema masikio ya Baba ni ya Babu yaleyale. Mzee mmoja kituo cha basi aliniuliza kama ana kitu usoni.

Sikusema habari ya tarehe. Nilisema tu habari ya huyo kaka, na Bibi akacheka mpaka akashika meza. Kumbe fundi baiskeli ni Mzee Spoku, yule wa kona nyuma ya kiwanda cha mikate. Bibi alieleza kwamba zamani mtaa mzima ulikuwa na sanduku moja la posta, la kwake, na ndiye aliyekuwa akiwasomea watu barua na kuwaandikia majibu, maana yeye Bibi na Babu wote wawili herufi walizijua kwa mbali tu, kama jirani asiyesalimia. Babu naye huko kambini alikuwa akiandikiwa na yeyote aliyekuwa karibu, ndiyo maana miandiko ya barua haifanani. Sasa karani wa jeshi alipomuuliza jamaa yake wa karibu wa kupelekewa habari, angemtaja nani, mke asiye na sanduku? Habari ningeipokelea wapi, akauliza Bibi, kwenye sufuria? Baba alicheka pia, akanipa karatasi nikamwombe Mzee Spoku atie sahihi.

Duka sasa ni la binti yake. Mzee mwenyewe haoni vizuri, kazi iliyobaki kwake ni kunyoosha rimu, na anafanya kwa sikio: anazungusha gurudumu, anagonga spoku moja moja kwa ufunguo, inayolia vibaya anaikaza. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Binti yake ndiye aliyemwambia kuna mtu. Nikamsomea karatasi, akakubali, kisha akaniuliza kadi inasema alikufa lini. Nikamwambia. Akaliweka gurudumu chini ingawa lilikuwa bado halijanyooka.

Alisema simu ya maandishi kutoka jeshini ilifika sanduku 41 mwezi ule wa tatu. Bibi alikuwa na mimba ya miezi minne, na kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika mbili. Mkunga alikuwa amemlaza kitandani na kuwaonya majirani kwamba atakayemletea mjamzito wake habari mbaya atazaa yeye. Mzee Spoku alikwenda hivyo hivyo, habari iko mfukoni, amejiandaa. Alipotokea mlangoni tu, Bibi akainua kichwa na kuuliza mumewe ameandika nini. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa risiti ya viraka vya mipira ya baiskeli, akamsomea barua.

Aliisoma yote, Dada, kutoka kwenye risiti. Salamu, habari za kambi, mwisho na kwaheri. Kisha Bibi akaomba aachiwe aiweke na nyingine, naye akasema ameisahau bahasha dukani, akakimbia kwenda kuiandika. Alidhani itakuwa hiyo moja. Lakini Bibi alimtajia majibu ayaandike, na mwenye kujibiwa hujibu. Majibu yale ya Bibi bado anayo, hakuwa na pa kuyapeleka.

Baba alipozaliwa salama, aliandika ya mwisho. Mwezi wa kumi ndipo alipomwambia Bibi kwamba mumewe ameuawa mwezi wa tisa. Nikamuuliza, na sijui sauti niliitoa wapi, kuhusu yale maneno ya asiogope watu. Akasema hayo hayakuwa ya mtoto. Aliyeogopa watu alikuwa yeye. Asingewaogopa, angesema mwezi wa tatu.

Nilitaka kujua kama basi Babu alijua hata kwamba kuna mimba. Akasema mwezi wa pili alimwandikia Bibi barua ya kumwarifu Babu, na akaipeleka posta kwa mkono wake. Kama ilifika kabla ya tarehe tisa, hajui, na hakuna wa kumuuliza. Akatia sahihi, akaniomba nisimuulize la kufanya, kwa kuwa mara ya mwisho alipoamua yeye ndiyo haya.

Sasa nafika pale ninapoona aibu kuandika, na kuandika ndiko ninakokuweza.

Nilirudi nikamkuta Baba anafanya mazoezi. Suti ya kuazima ilikuwa imetundikwa mlangoni, yeye amekaa kwenye kiti cha jikoni, Bibi anamwita jina kwa sauti ya kiserikali, naye anasimama. Bibi akamwambia anasimama kama mtu aliyekalia mchwa, arudie. Baba akarudia. Kisha akaniona, akaniambia nimsomee yote niliyonakili, neno kwa neno, nimtafsirie.

Nikamsomea. Cheo, kikosi, mahali. Nilipofika kwenye tarehe nikasema tarehe tisa, mwezi wa tisa. Haikuwa kazi hata kidogo. Mimi ninayeombwa kila siku kupaza sauti, siku hiyo sauti ilitoka safi. Baba akahesabu kwa vidole, akasema basi alimjua wiki tatu nzima. Wiki tatu, Dada. Alilisema kama mtu anayetaja shamba alilorithi. Alipoomba kuiona nakala, nilimwambia mwandiko mbaya, nikaenda chumbani nikaiandika upya kwenye karatasi safi, na tarehe yangu. Na fomu nikaijaza hivyohivyo, naye ameitia sahihi. Nimemcheka moyoni Mzee Spoku kwa risiti yake, na mimi sikuhitaji hata risiti.

Karani akifananisha na kadi, itajulikana. Asipofananisha ni vibaya zaidi, kwa sababu mchonga mawe atachonga ya kwenye kadi, na Baba atasimama mbele ya ukuta ule, ndani ya suti ya watu, mbele ya halaiki, ahesabu miezi mwenyewe. Nikimwambia sasa namnyang'anya baba yake. Nikinyamaza, jiwe litamwambia. Nimezunguka hapo siku tano, sioni mlango.

Bibi naye amenichanganya zaidi. Jana mchana aliniomba nimsomee barua, si zile za mwanzo, hizo nne. Tulipofika mahali panapouliza habari za mgongo wake, alinisimamisha. Akasema mumewe tangu amuoe hakuwahi kumuuliza habari za mgongo. Vita vilimfundisha adabu. Kisha akaniambia niendelee. Nilimwangalia usoni, Dada, na sikuona kitu. Sijui kama ni utani, sijui kama ni shukrani, sijui amejua tangu lini, au hajui lolote na mimi ndiye ninayeona majabali kwenye mchele.

Mara nne nimejaribu kumwambia Baba kwa mdomo. Mara ya mwisho niliishia kumuuliza kama anataka chai, na alikuwa ameshika kikombe.

Kesho asubuhi anapita posta akienda kazini, na barua hii ataibeba yeye. Gundi iko hapa mezani, karibu na kiwiko changu. Sitaitumia. Ndani ya bahasha nimetia pia ukurasa wa daftari, ule wa kwanza, wenye mwezi wa tatu. Ikikufikia imebandikwa, jua aliyebandika si mimi. Ikikufikia wazi, basi tafuta ruhusa uje upesi, kwa sababu kusema ni kazi yako tangu tukiwa wadogo.

Bibi anakusalimu, anasema usile kwa kusimama. Mama mwenye duka la chini anauliza kama bado unaimba unapofua. Nisalimie wenzako wa chumbani hata kama hawanijui. Uwe mzima, na unisamehe urefu.

Ni mimi mdogo wako,
Mkalimani.

Na kama kuna aliyefika mstari huu kabla yako, amesimama posta na sanduku la vifaa miguuni: shikamoo, Baba. Fomu sijaipeleka. Iko chini ya kopo la barua, nimekuachia kalamu juu yake.