Taiti ya Paskalia na Vipimo vya Juu ya Kitenge

KIKUNDI CHA WANAWAKE WAENDESHA BAISKELI, USHIROMBO
Kumbukumbu za kikao cha dharura kuhusu taiti za kuendeshea baiskeli

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Barazani kwa Fundi Ansgar, kando ya cherehani
Muda: Saa 8:40 mchana (kilipangwa saa 8:00)

Waliohudhuria:
Bi. Rosemary (Mama Goodness), Mwenyekiti
Bi. Hosiana, Katibu
Bi. Anisia, mjumbe na muuza mitumba
Bi. Paskalia, mjumbe (alihudhuria akiwa amesimama)
Fundi Ansgar, mwalikwa, ingawa baraza ni lake

Asiyehudhuria:
Bi. Vumilia, kwa udhuru wa kuanika mpunga

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi, kisha akamkaribisha Bi. Paskalia kiti. Bi. Paskalia alishukuru, akasema hawezi kukaa. Kila mjumbe alijua sababu, hivyo hakuulizwa.

KUMB. NA. 2/6/2025: TAITI ZA MTUMBA
Mwenyekiti alieleza kwamba tangu kikundi kianze kujiandaa kwa mbio za vilima za Geita mwezi Julai, siti za baiskeli za gia zimewaumiza wajumbe kuliko vilima vyenyewe. Taiti zenye sponji zipo madukani Mwanza, lakini moja ni bei ya mbuzi jike. Ndipo Bi. Anisia alipoleta za mtumba.

Ilikumbushwa kwamba zile za mtumba zilikuwa za kiume, zikibana nyonga na kulegea kiunoni, na kwamba moja ilipasuka mbele ya geti la misheni watu wakitoka misa. Bi. Anisia alijibu kwamba mwenye makalio yake asisingizie mtumba. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta, lakini wajumbe walikuwa wameshacheka.

KUMB. NA. 3/6/2025: TAITI ZA FUNDI
Fundi Ansgar alitakiwa kueleza kwa nini taiti alizoshona yeye, tena kwa sponji nene, zilijikunja na kumchubua Bi. Paskalia. Fundi alisema alifuata vipimo. Alipoulizwa alipimaje, alikohoa, kisha akakiri kwamba aliwapima wajumbe wakiwa wamesimama, juu ya kitenge, naye akitazama ukutani.

Alijitetea hivi: "Mama Goodness, mimi naimba kwaya na ninyi. Ningeanzaje kuzungusha futi kwenye mapaja ya akina mama, halafu Jumapili tupeane mkono wa amani?"

Hoja ilionekana ina uzito. Ilibainika pia kwamba siku ile hakuna mjumbe aliyekubali kuvua kitenge, Mwenyekiti akiwa wa kwanza kukataa. Kosa likawa la wote, ila maumivu yalibebwa na mmoja.

KUMB. NA. 4/6/2025: BI. PASKALIA KUJITOA
Bi. Paskalia aliweka ufunguo wa kufuli la baiskeli ya kikundi juu ya meza ya cherehani na kusema anajitoa.

"Nimebeba mahindi kwa baiskeli tangu nikiwa binti," alisema, "na hakuna kilima kilichowahi kunishusha. Leo nashushwa na nguo. Inaniuma, mayu, mama yangu, na sisemi mchubuko."

Alilia. Kikao kilihuzunika sana, maana wote wanajua kwamba bila yeye Geita tungekwenda kutalii tu. Bi. Anisia aliinuka, akauchomoa utepe wa futi shingoni mwa Fundi.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUPIMA UPYA
Bi. Anisia alipendekeza akina mama wapimane wenyewe, bila kitenge, anayepimwa akiwa amepanda baiskeli. Mwenyekiti aliunga mkono. Hawa wawili walikuwa hawajakubaliana jambo lolote tangu Pasaka.

Baiskeli iliingizwa chumba cha ndani, Bi. Paskalia akapandishwa juu yake, na mlango ukafungwa. Mwenyekiti alishika usukani, Bi. Anisia akapima, Katibu akatangaza namba dirishani, naye Fundi nje akaziandika kwa chaki. Ilionekana kwamba mtu akiinama kwenye usukani, kitambaa huhitajika zaidi nyuma kuliko mbele, na kwamba mshono wa katikati ndio uliokuwa ukikaliwa siku zote.

Fundi aliifumua taiti ileile ya Bi. Paskalia, akauhamisha mshono, akapunguza sponji na kuifunika kwa fulana laini ya pamba. Alisema nyingine atashona kwa bei ya kuku, tena si jogoo. Ilikubaliwa kwamba atakayeona haya ashonewe kisketi cha juu, kisichofika kwenye mnyororo.

KUMB. NA. 6/6/2025: JARIBIO
Bi. Paskalia aliombwa ajaribu mara moja tu, mpaka kwenye kilima cha barabara ya vumbi, arudi. Alikubali kwa shingo upande. Kikao kilisubiri.

Muda ulipita. Fundi alianza kuzunguka cherehani yake. Mwenyekiti alipendekeza atafutwe mtu wa bodaboda amfuate. Bi. Anisia alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda imepasuka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bi. Paskalia alitokea upande mwingine kabisa wa mji, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisema alifika juu ya kilima akasahau kugeuza.

Mwenyekiti aliuliza taiti ikoje. Bi. Paskalia aliuchukua ufunguo mezani, akavuta kiti, akaketi.

KUMB. NA. 7/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa 12:10 jioni. Wajumbe walisimama kwa sala, isipokuwa Bi. Paskalia, ambaye aliomba ruhusa ya kuendelea kukaa. Aliruhusiwa.

Rosemary (Mama Goodness)
Mwenyekiti ……………………

Hosiana
Katibu ……………………