Wananiita Dereva na Sijawahi Kuendesha Gari

Mama Orpah mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu, maana usingizi umenikimbia na chakula hakipiti, na hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote hapa Kehancha, hata mke wangu Bonareri ambaye nimekaa naye miaka kumi na minane na watoto sita. Hapa kila mtu ananiita Dereva. Watoto wangu ni watoto wa Dereva, njia ya kuja kwangu ni njia ya kwa Dereva, na ukweli wenyewe Mama ni kwamba sijawahi kuendesha gari hata hatua moja.

Ilianza hivi. Kabla ya Uhuru nilifanya kazi miaka tisa kwa Mzungu mmoja mwindaji, tukizunguka na Landrova kutoka huku kwetu hadi mbuga za Mara, na kazi yangu ilikuwa upishi, nakaa nyuma na masufuria na unga na nyama ya porini, gari likikwama nashuka kusukuma, likitoka napanda tena. Sasa siku moja tulikwama mtoni karibu na kwetu, watu wakaja na ng'ombe wa kukokota, yule bwana akaingia matopeni mwenyewe kufunga mnyororo, akaniambia nikae mbele nishike usukani usiyumbe, basi nikashika, ng'ombe wakavuta, gari likapanda ukingo na mimi nimekaa pale mbele na kofia yake kichwani kwa sababu alikuwa amenipa nimshikie, na watu wa kwetu wote wakaona. Nilipopita nyumbani baba yangu alikuwa ameshachinja mbuzi. Ningesemaje? Nikala mbuzi, nikanyamaza, na tangu siku hiyo mimi ni Dereva.

Kwa miaka mingi uongo huo haukumdhuru mtu. Mara moja tu nusura niumbuke, mwaka juzi, afisa wa kilimo alikuja, dereva wake akashikwa na malaria, watu wakaniita nimpeleke afisa Migori, jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo, lakini kwa bahati Bonareri akatokea jikoni akawaambia goti langu limevimba haliwezi kukanyaga breki, na kweli wiki ile goti lilikuwa linaniuma kidogo, kwa hiyo nikaokoka.

Sasa ushirika wetu wa mahindi umeamua kununua gari. Mwenyekiti ni mzee Ratemo mwenye duka, Mkisii aliyehamia huku, Msabato, mtu mwema kabisa, na mwaka jana Mokeira, mke wa mwanawe, alishikwa na uchungu wakati wa mvua, wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali, mtoto akafa kabla hawajafika hata Migori. Mokeira ana mimba tena, anatarajia mwezi ujao. Basi mzee Ratemo akasimama mkutanoni akasema kazi ya kwanza ya gari hili ni kumpeleka Mokeira hospitali ya Homa Bay, ya pili ni mahindi, ya tatu ni kuwafuata nguruwe mwitu na nyati wanaotumalizia mashamba, maana Simeon, mwanachama mwenzetu, ana bunduki na kibali cha idara ya wanyama lakini kwa miguu akifika wameshavuka mpaka wa Tanzania. Halafu akanigeukia akasema, "Atakayetuchagulia gari ni Dereva wetu, na atakayeliendesha ni yeye." Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikashukuru. Mama, nilishukuru.

Siku hiyo ya Jumatatu tunakwenda Kisumu mimi na mzee. Yako magari mawili kwenye gereji moja huko. Moja ni Landrova fupi ya petroli, juu ina turubai, imepakwa rangi ya kijani juzi juzi, inang'aa, na mzee ameshaipenda. Nyingine ni ndefu ya dizeli, kuukuu, ubavu umebonyea, ilikuwa ya wapima ardhi. Kila siku mzee ananiuliza, "Dereva, unaonaje?" na mimi sijui la gia wala la klachi, ninachojua ni mambo ya kule nyuma tu, kwamba ile fupi haiwezi kumlaza mtu, miguu itatokeza nje, na kwamba gari la petroli likiingia kwenye mto wa kina kama ule wa Kuja, feni hurusha maji kwenye plagi likazimika katikati, sisi tulikuwa tunatoa mkanda wa feni kwanza na kufunika injini kwa gunia, lakini la dizeli halina plagi za cheche, hupita tu likikohoa, ila ni zito, na udongo mweusi wa Rangwe, njia ya Homa Bay, ukilishika utalisukuma mpaka mvi zikutoke, na tena gari lenye rangi mpya lazima ulale chini yake utazame chasisi, lile fremu la chuma lililobeba gari, maana yule bwana aliwahi kununua moja linang'aa hivyo hivyo, likakatika chasisi tukiwa na nyama ya nyati nyuma, tukalala porini siku tatu. Sasa hayo si mambo ya dereva, ni mambo ya mpishi.

Nimejaribu kujifunza. Ghalani nimeweka kiti, chini nimepanga mawe matatu, ndiyo klachi na breki na mafuta, na sinia ndilo usukani. Juzi Bonareri alifungua mlango akanikuta nakata kona, akasimama, akafunga mlango polepole, nadhani kwa giza la mle hakuona vizuri. Yeye anajivunia mimi sana, huwaambia wanawake wenzake kisimani, "Mume wangu amekula vumbi la magari miaka tisa," na wiki hii ameniuliza mara mbili kama Paul, yule anayeendesha lori la mahindi la Migori, hawezi kwenda nasi Kisumu, nikamjibu kwa ukali kwamba madereva wawili ni wa nini.

Nikisema kweli nitauweka wapi uso wangu? Nisiposema nitamuua Mokeira njiani. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, nimefikiria kuvuka mpaka nikakae Tarime kwa mjomba. Leseni niliwaambia iliungua nyumba yangu ilipoungua, na nyumba iliungua kweli, ila leseni haikuwamo.

Tafadhali usichape jina langu, kwa sababu gazeti hili linafika huku moja tu kwa basi, na Jumapili alasiri tunakutana wote dukani kwa mzee Ratemo, wanawake hukaa upande wa magunia, na anayewasomea kwa sauti ni mimi. Ukurasa wako wanaupenda kuliko siasa.

Wako katika shida,
. . . . . . . . . . . . . .

MAMA ORPAH ANAJIBU

Ndugu yangu, kwanza kunywa maji. Pili, toa miguu kwenye hayo mawe.

Sikufichi, nilicheka. Mtu mzima, baba wa watoto sita, anakata kona kwa sinia. Halafu nikafika pale kwa Mokeira nikaacha kucheka. Uongo wa mbuzi ningekusamehe, ulikuwa kijana, baba amefurahi, nyama iko tayari. Lakini kusimama mbele ya mzee aliyezika mjukuu, ukamshukuru kwa kukukabidhi mke wa mwanawe, hilo sikusamehe upesi hivyo. Njia ya Homa Bay naijua. Kule Rangwe kuna mteremko ambao hata madereva wenye leseni hushuka wamefunga midomo. Wewe utaushuka na mwanamke mwenye uchungu nyuma yako, ukitafuta breki kwa kukumbuka jiwe la katikati? Haiwezekani. Na Tarime usiende, kwa sababu ukikimbia, mzee atanunua hilo la kijani.

Sasa nisikilize. Marehemu mume wangu aliendesha lori la pamba Kendu Bay miaka kumi na moja, na hakuwahi kujua turubai linavuja wapi wala springi ipi imechoka. Niliyejua ni mimi niliyekuwa nimekaa juu ya mizigo na kushuka kusukuma. Mzee Ratemo anatafuta mtu wa kumchagulia gari, nawe umeshamchagulia ndani ya barua yako kwa sentensi moja ndefu iliyonimalizia pumzi: mgonjwa alale, mto uvukike, chasisi itazamwe. Sasa unaniambia hayo ni mambo ya mpishi. Basi Kisumu aende mpishi. Hiyo ndefu ya dizeli, kama chuma chake cha chini ni kizima, ndiyo mnayoitaka. Ubavu uliobonyea haumzuii mtu kujifungua salama.

Atakayekaa kwenye usukani ni Paul. Aende nanyi, arudi nalo, na ushirika ukubaliane naye mpaka Mokeira atakapokuwa amerudi nyumbani na mtoto wake. Wewe chukua tochi na msumari, lala chini ya magari yote mawili, gonga, kwaruza, na mwenye gereji akikukataza kukwaruza rangi, ondokeni. Fikeni asubuhi na mapema mliguse boneti, liwe baridi, ndipo liwashwe mbele yenu. Likiwa limeshapashwa moto mnafichwa kitu. Pakieni magunia manane, Paul aliingize penye matope, na wewe ulisukume, si ndiyo kazi yako? Sakafu ya nyuma iwe bati tupu inayooshwa kwa maji na sabuni, maana mna Wasabato wasiogusa nguruwe, na siku ya kubeba nguruwe mwitu isiwe siku ya kubeba unga wa mzee Ratemo. Msisahau kamba ndefu na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Kujifunza kuendesha utajifunza baadaye, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe siku isiyo na ng'ombe, upate leseni ya kweli. Hiyo iweke mahali pasipoungua.

Nimebakiza la mkeo. Unasema hajui. Soma tena ulichoniandikia. Dereva hukaa mbele, anayekula vumbi ni yule wa nyuma, na Bonareri amekuwa akiwaambia kisimani wazi wazi ulikuwa umekaa wapi. Sinia aliliona vizuri sana. Goti alilitoa yeye kabla hujafungua mdomo. Paul amekutajia mara mbili, ukamkemea. Mama huyu amekuficha miaka yote hii, na amekuficha hata wewe mwenyewe usijue kwamba anakuficha, huku unalala ubavuni pake ukitetemeka peke yako. Hilo ndilo lililoniuma katika barua yako yote.

Jina lako sikulichapa, kama ulivyoniomba. Majina ya wengine nimeyaacha yalivyo kwa makusudi, na nimehakikisha ukurasa huu unatoka wiki hii ili ukufikie Jumapili, siku moja kabla ya Kisumu. Ungeweza kulikunja gazeti ukasema limelowa kwenye basi. Sidhani ulifanya hivyo. Mtu aliyetaka kuendelea kujificha asingeniandikia mimi, huku akijua ni nani anayewasomea watu ukurasa huu. Kama maneno haya yanasikika kwa sauti yako, basi wamesikia yote, na pale pagumu umeshapita. Limebaki jambo moja. Mwisho wa barua yako niliacha vitone mahali pa jina, nawe uliviruka. Ukimaliza hapa, rudi juu uvijaze.

Mzee Ratemo, pokea heshima zangu. Mkasirikie leo, ni haki yako. Kesho mchukue mwende naye, na wakati wa kurudi mkalishe nyuma, awasikilizie gari.

Nawe Bonareri, dada yangu, hapo kwenye magunia. Safari hii usiseme lolote kuhusu goti. Mwache aseme mwenyewe.