Kishimo Chako Bado Kiko Mwambani

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nimwanze mtu mzima kavukavu.

Leo nimepanda mlimani. Serikali imeruhusu. Wanasema mbung'o wamekwisha, malale yamekwisha, anayetaka kurudi arudi. Arudi nani? Tembe zetu tisa zimebaki kuta za kufika kiunoni, na nyani ndio wenye mji. Lakini mwamba uko pale pale, Mama. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuusoma? Kila msichana wa juu kule alionyeshwa pake pa kusagia, akasaga mtama miaka na miaka mpaka pakachimbika kishimo. Cha kwanza ni cha yule bibi aliyewakimbia wezi wa ng'ombe, akapanda na mbuzi wawili tu. Kinachofuata ni cha binti yake, aliyejificha hapo askari wa Mjerumani walipopita. Kisha cha mama yako. Kisha chako, upande unaotazama mbuga ya Wembere. "Wanaume wana majina yao," ulisema, "sisi tuna hivi."

Changu hukuwahi kunionyesha. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alituamuru tushuke wote bondeni kwa sababu ya malale, na wanawake wakaokota mawe ya mtoni ya kusagia. Wewe ukakataa katakata. Unga una mchanga, ukasema, kisha kila siku ya tatu ukajitwika kikapu na kurudi juu, na magoti yale mabovu!

Tarishi wa Bwana Shauri alikuonya mara mbili. Mara ya tatu alinijia mimi. "Mwambie mama yako, nikimkuta tena huko nampeleka bomani." Nikakusihi. Ukacheka. "Huko bomani wana mwamba?"

Niliogopa, Mama. Niliogopa hasa. Basi nikaketi mbele yako nikakuambia kwamba mwamba umepasuliwa kwa baruti, wapate kokoto za barabara ya Iguguno.

"Wote?"

"Wote."

"Hata cha mama?"

Nikasema hata chake.

Kesho yake ulinyoa nywele. Majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki. "Wote," ukawajibu, ukaingia ndani.

Hukupanda tena. Ulikula ugali wetu wa mchanga ukanyamaza, wewe ambaye chakula kibaya hakikuwahi kukupita bila neno. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema kweli. Mwanzoni nilimwogopa tarishi, na alipohamishwa nikakuogopa wewe. Ukazikwa sijasema. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Tulipotoa vitu vyako nililikuta lile jiwe lako dogo la mkononi la kusagia chini ya kitanda, umelifunga kwenye kaniki. Ulilitunzia nini, kama mwamba haukuwapo? Swali hilo linaninyima raha hadi leo.

Nimelipeleka, Mama. Nimeliweka kwenye kishimo chako, likakaa barabara. Nikapiga magoti nikasaga konzi moja ya mtama. Unga ulitoka laini, hauna mchanga hata punje. Nimeuacha hapo hapo. Sikuthubutu kuuonja.

Pumzika, Mama. Mwamba ni mzima, na cha mama yako ni kizima.

Ni mimi,
binti yako niliyekudanganya