Shingo Fupi ya Nyumba Yetu

Kasongo, 6 Februari 1956

Mdogo wangu Amuri,

Amani iwe kwako na kwa shemeji Hawa. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo hayanitii tangu mvua zilipoanza.

Niwie radhi kwa kunyamaza miezi minane. Sitasema kwamba kazi zilinizidi. Huo ni uongo wa wavivu. Nilikasirika. Alimasi, mchuuzi wa vitambaa, ndiye aliyenieleza kwamba muuguzi wa dispanseri ya Kabambare amekuandika kuwa una ukoma, na kwamba msikitini umeacha kusujudu. Wenzako wakishuka, wewe unasimama kama nguzo. Nilistahili kuyasikia hayo kwako. Tena mwezi uliopita ulilala siku tatu katika hospitali ya hapa Kasongo, ukaondoka bila kupita nyumbani.

Baba alipofariki, niliachiwa nyumba hii niiongoze. Nieleze kwa utaratibu.

Kaka yako mkubwa,
Yakubu


Kabambare, 27 Februari 1956

Yaya Yakubu,

Nakusalimu kwa heshima, kaka yangu, na Hawa anakusalimu. Pole kwa magoti.

Sikupita kwako kwa sababu mwezi wa Juni ulituma neno kwamba nisikanyage mkeka wako. Nilitii.

Ukoma sina. Mwaka jana nilikuwa ninapiga pasi suruali ya karani, nikasikia harufu. Nikauliza, “Nani iko anachoma nyama?” Hawa akapiga kelele, “Ni wewe! Tosha mukono, unaungua!” Pasi ya makaa ilikuwa juu ya vidole vyangu nami sina habari. Muuguzi akanidunga sindano, sikusikia kitu. Akacheka: “Fundi, leo sindano imekukana.” Akaandika ukoma. Tangu siku hiyo hakuna anayeniletea nguo ya kushona.

Daktari mpya alipopita huku, alinipekua ngozi yote asione baka. Pamba akinigusa nasikia; chupa ya maji moto na ya baridi siwezi kuzitofautisha. Akauliza kichwa kinauma lini. Nikasema, nikikohoa, nikicheka, nikiinama kusujudu: kama mtu ananitwanga kisogoni kwa mchi. Akanishika shingo yangu fupi, akatazama nywele zangu zinavyoota kisogoni hadi karibu na mabega, akanipandisha katika lori lake nikapigwe picha ya mifupa huko Kasongo.

Picha inaonyesha kwamba mfupa wa kwanza wa shingo umeungana na fuvu. Wa pili una kipande kilichosimama kama jino, nacho kimepanda hadi ndani ya lile tundu la chini ya fuvu, mlango wa uti wa mgongo. Daktari anaamini kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo imekosa nafasi, ikashuka shingoni kama kizibo. Nilizaliwa hivi, anasema, ila wengi huanza kuumwa ukubwani. Anataka nipelekwe Léopoldville, mpasuaji apunguze mfupa wa kisogo ili ubongo upumue. Amekataza nisibebe mzigo kichwani, wala mtu yeyote asinivute shingo.

Nangoja ruhusa yako, Yaya.

Mdogo wako,
Amuri


Kasongo, 12 Machi 1956

Mdogo wangu Amuri,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kwa ukoma usiokuwapo namshukuru Mungu. Yaliyobaki siyakubali.

Fuvu si suruali, hata lifumuliwe mshono na kushonwa tena. Shingo fupi ni yetu sote. Baba alikuwa nayo, na alibeba mizigo ya chumvi kutoka Nyangwe mpaka mvi zilipomjaa. Daktari amekuja juzi. Je, ameijua nyumba yetu lini?

Ikiwa mfupa umepanda, basi ushushwe. Mzee Asani wa Lusangi ameinyoosha mifupa ya watu wengi kuliko huyo kijana. Nimempelekea neno, naye atafika kwako. Utamtii kama unavyonitii mimi. Léopoldville, hapana.

Kaka yako mkubwa,
Yakubu


Kabambare, 3 Juni 1956

Yaya Yakubu,

Nakusalimu. Usiniulize hali kabla hujamaliza kusoma. Penseli nimefungiwa vidoleni kwa uzi, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mzee Asani alikuja. Nilimwambia, “Muzee, munganga wa hospitali alikataza.” Akasema, “Munganga ni ndugu yako? Yaya yako ndiye alinituma. Lala.” Hawa akasimama mlangoni, akamwambia, “Mukimuvunja, nitamupeleka wapi?” Mimi nikamwambia Hawa anyamaze. Nikalala. Watu wawili walinishika miguu, yeye akapitisha kitambaa chini ya kidevu, akavuta.

Sikuumia sana. Ila nilipotaka kuinuka, miguu haikuja nami. Ni wiki ya saba sasa. Maji yananipalia, Hawa huniinua na kuninywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Mzee Asani alilia mbele yangu. Hakuna faida.

Nilikuwa na maneno ya daktari na maneno yako. Nilichagua yako.

Amuri


Kasongo, 15 Juni 1956

Mdogo wangu Amuri,

Salamu kwako na kwa Hawa, ambaye sijui nitasimamaje mbele yake sasa.

Nilikwenda hospitali ili nigombane. Daktari aliiweka picha yako dirishani, akachora mstari kutoka kaakaa hadi ukingo wa nyuma wa tundu la fuvu. Jino la mfupa, akasema, hukaa chini ya mstari huu. Lako limeupita kwa upana wa kidole. Kisha akanitazama shingo, nami akanipiga picha. Langu pia limepanda, ila kidogo. Tangu ujana wangu nikikohoa hushika kisogo kwa mikono miwili. Nilidhani kila mtu hukohoa hivyo.

Nimekosa. Siandiki hivi kwa desturi ya barua. Ruhusa natoa, na karatasi nimeitia sahihi. Daktari aliirudisha, anasema anataka neno lako, si langu. Nitapanda lori la Jumatatu, tarehe 25, nije nikupeleke mwenyewe.

Yakubu


Kabambare, 23 Juni 1956

Yaya,

Ninapoandika haya hujafika. Nampa dereva wa lori barua hii akukabidhi njiani. Ikikukuta, geuka urudi.

Daktari amekuja. Anasema kabla ya Mzee Asani, kupasuliwa kungeilinda miguu yangu. Sasa kunaweza kuzuia pumzi isikatike, miguu haahidi. Pia naweza nisiamke. Hawa anasema twende. Asubuhi nakubali naye, jioni nakataa, naye ananiambia, “Amuri, kichwa ni yako, sema!” Sijazoea kusema.

Usije, usimtume mtu, wala usinishauri. Ukija, nitafanya utakalo.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Amuri