Umeme Hautoi Shikamoo

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua siku hizi huitikii, lakini ulinilea nisianze neno kabla ya salamu, na sitakuvunjia heshima leo kwa sababu tu umelala pale migombani. Nimekaa kibarazani kwako hapa Suji. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mparachichi, na mama yuko jikoni anakoroga makande huku akinisema kwa sauti ili nisikie. Anasema binti yake ana miaka arobaini na ushee lakini mikono imejaa mikwaruzo kama ya mtoto aliyeiba mapera. Ni kweli. Nimeacha cherehani, Baba. Najifunza ufundi umeme.

Usishtuke. Ulipoondoka uliniacha Hedaru, kwenye kibanda changu kando ya barabara kuu, nashona sare za shule huku mabasi yakinimwagia vumbi. Unakumbuka ulivyokuwa ukishuka siku ya soko, unakaa kwenye kile kiti kibovu na kuokota vifungo vilivyoanguka, unavipanga kwa rangi bila kuombwa? Wakati ule kazi ilikuwepo. Kisha sare zikaanza kuja kwa marobota zikiwa zimeshonwa tayari, wazazi wakawa wananiletea zipu za kubadilisha, basi. Nikajiuliza kama nitazeeka nikibadilisha zipu. Nguzo za umeme zilipoanza kupanda milimani, nikaona mafundi wanavyogombewa. Nikafunga kibanda, nikapanga chumba Same mjini, nikaanza chuo cha ufundi na vijana ambao ningeweza kuwazaa wote.

Mwalimu wetu wa vitendo anaitwa Zuberi. Siku ya kwanza alinitazama, akasita, kisha akasema mbele ya darasa zima, "Shikamoo, mama. Si wewe wa kile kibanda cha Hedaru? Ulinishonea kaptula ya darasa la kwanza." Darasa likacheka. Nikaitikia marahaba, nikamkumbuka: kitoto chembamba, na ile kaptula niliiachia upindo mrefu ili aivae mpaka la tatu. Nikajisemea kwamba hapa nimepata mwenyeji.

Zuberi ana mdomo mkali. Kijana akifunga waya vibaya, karakana yote inasikia: "Wewe unataka kuua watu? Fumua, anza upya!" Akifika kwenye ubao wangu wa mazoezi anapunguza sauti, anasema, "Umejitahidi, mama," anapita. Nikavimba kichwa. Niliwaona wale vijana hawana utulivu, na mimi miaka ya sindano imenipa mkono wa kazi. Nikampigia mama simu nikamwambia asitafute fundi yeyote, nyumba yake nitaitandazia nyaya mwenyewe likizo ikifika.

Alasiri moja nilirudi karakana kuchukua miwani niliyoisahau. Nikamkuta Zuberi peke yake, ameinamia ubao wangu na bisibisi mkononi, anahamisha nyaya zangu. Alishtuka kama mtu aliyekutwa anafunua chungu cha jirani.

"Nilikuwa naweka sawa kidogo tu, mama."

"Kidogo wapi? Nionyeshe."

Akanionyesha. Swichi inapaswa kuukata waya unaoleta moto. Mimi nilikuwa nimeifunga kwenye waya unaourudisha. Ukiizima, taa inazimika vizuri kabisa na unaridhika, kumbe moto umebaki palepale kwenye holda, pale balbu inapokaa, unamngoja mtu aguse. Nilipombana zaidi akakiri kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kazi zangu nyingi alikuwa akizirekebisha tukishaondoka.

Mtihani haukunijia kabisa akilini. Nilimwona mama. Unamjua mama na taa zake: kila jioni, kabla ya kuwasha chemli, lazima atoe kioo akifute mpaka kilie. Je, umeme ukija ataacha? Atazima swichi, atapanda kwenye kigoda, atafungua balbu aifute, na vidole vyake vitaingia kwenye holda niliyoifunga mimi, mwanawe, tena nikiwa nimejisifu.

Nilimjia juu Zuberi. "Kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia viatu vyake. "Ningekufokeaje, mama? Mtu aliyenishonea kaptula?"

Hasira ikaniishia hapo hapo, maana nilikumbuka ile asubuhi ya ndiva. Ulikuwa msimamizi wa ndiva yetu, lile bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu. Tulikuwa tumetoka kwenye msaragambo, kijiji kizima kimeshinda kikikarabati ukuta, na mdomo wa ndiva uliuziba wewe mwenyewe kwa jiwe na udongo, kama kawaida yako. Kulipokucha bwawa lilikuwa tupu. Maji yalikuwa yametoroka usiku, na zamu ilikuwa ya mjane wa pale chini, maharage yake yameanza kunyauka.

Ukauliza, "Nani aliona jana?" Ndipo Nakijwa, mke mpya wa jirani yetu, aliyekuwa bado hajazoea hata kuinua macho mbele ya wakwe, akasema, "Mimi, baba. Niliona udongo wa pale mdomoni unalowa. Nikaona haya." Wazee wakaguna. Mimi nilikuwa msichana mdogo nimeshika ndoo, nikangoja umkaripie. Ukamwambia, "Maji hayatoi shikamoo, mwanangu. Ukiona, sema." Tangu siku ile, ukimaliza kuziba, ulimwita aliye mdogo kuliko wote pale na kumwambia, "Njoo unikague." Wengine walidhani unafanya utani. Uliendelea hivyo mpaka magoti yalipokukatalia kupanda.

Nilimsimulia Zuberi yote hayo tukiwa tumesimama katikati ya vipande vya nyaya. Nikamwambia, "Umeme nao hautoi shikamoo. Kesho nifokee kama wenzangu."

Kesho yake alikuja kwenye ubao wangu jasho likimtoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe unataka kuua watu? Fumua, anza upya!"

Karakana ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Nami nikacheka. Halafu nikaenda bombani kunawa uso, nikalia kidogo, nisikufiche. Kufokewa ukiwa na mvi kunauma. Lakini nilifumua, na muhula wote ule ndivyo tulivyokwenda, salamu kwanza, kisha maneno makali, mpaka siku moja akaukagua ubao wangu wote, akauzungusha, akaukagua tena, asione la kufokea. Alionekana kama ameibiwa kitu.

Nyumba yako nimeimaliza, Baba. Zuberi alipanda huku kwa bodaboda kabla ya watu wa umeme kuja kutuunganishia, akapima kila swichi na kila soketi. Alinifokea mara moja tu, kwa soketi ya chumbani kwenu iliyokuwa inacheza ukutani. Mama alipomsikia akatoka jikoni na mwiko. Nikamwambia, "Mwache, mama, ndiyo kazi yake." Baadaye akampakulia makande sahani mbili, na akamuuliza kama ameoa.

Jana jioni tuliwasha kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemuusia mama kwamba balbu haifutwi kama kioo cha chemli, na ikilazimu, azime kwanza meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima. Akanijibu, "Nilianza kufuta taa kabla hujazaliwa." Nilipogeuka kidogo tu, nikasikia swichi ya ukutani imebonyezwa, giza likaingia sebuleni, na kwa mwanga hafifu wa mlangoni nikamwona yuko tayari juu ya kigoda, kitambaa chake mkononi. Nilikuwa nimepima holda ile mwenyewe, na Zuberi akaipima baada yangu. Hata hivyo nilishika meza kwa mikono yote miwili. Sikuthubutu kupiga kelele asije akaanguka. Nilimsikia akiifungua balbu, akiihemea na kuisugua taratibu, kisha akipapasa holda kwa vidole mpaka akapata pa kuirudishia.

Akashuka salama. "Mbona umesimama hivyo?" akauliza gizani.

Neno lililonitoka ni lile ulilonifundisha wewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akawasha taa.

Pumzika, Baba. Na kama huko uliko wamekupa bwawa la kuziba, usiache kumwita mdogo wao akukague.

Binti yako,
fundi wa mama