Uradi wa Alhamisi Bila Wewe

Alief, Ijumaa asubuhi, mwezi wa Novemba

Bibi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili chako, bila kuchanganya, na leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniambia niyaache yapite.

Tangu tukuzike, uradi wa Alhamisi, kile kikao chako cha dhikri, ulikuwa umesimama. Kina mama walisema barabara zimejaa, zamu za hospitali zimebadilika, kutoka Sugar Land hadi kwetu ni mbali. Hakuna aliyesema kwamba anaogopa kukaa kwenye mkeka wako na nafasi yako iko wazi. Wiki iliyopita Mama Zuhura alipiga simu, akasema tujaribu mara moja tu, ikishindikana kila mtu avute uradi kwake. Halafu akataka niongoze mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikikaa ubavuni mwako.

Nilijiandaa kama kwa mtihani, Bibi. Nilirudia "La ilaha illa Llah" kwenye basi la shule, nikiosha vyombo, hata darasani kimoyomoyo, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Sikutaka kukosea hata herufi. Sikutaka moyo wangu uzurure hata kidogo. Kila ulipozurura nilianza upya, kwa hasira, nikibana macho hadi kichwa kikauma.

Jana walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mama alifukiza udi nje, kibarazani, maana unakumbuka kile king'ora cha moshi kilivyotutoa mbio Ramadhani. Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa kubwa na safi, na hakuna aliyeweza kunifuata. Nilipoona wamebaki nyuma nikaongeza nguvu, nao wakazidi kubaki. Mama Zuhura akafungua jicho moja. "Mwanangu, punguza mwendo, hapa si barabara kuu." Wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya.

Nikajaribu kucheka nao. Nikarudi kwenye uradi. Neno likakataa kutoka, nikabaki nimeishika tasbihi yako, nikijua kikao chako kimenifia mikononi.

Hawakunyamaza, Bibi. Mmoja aliendelea kwa sauti ya chini, mwingine akampokea, kisha wote, polepole, kwa ule mwendo wako ambao mimi nilikuwa nimeutafuta wiki nzima nisiupate. Mimi niliwasikiliza tu. Lakini kifuani mwangu neno lilikuwa linakwenda lenyewe, bila mimi kulisukuma. Nilipogundua tu, nikataka kulishika. Likaondoka.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa ukiongoza, halafu katikati midomo inatulia na kichwa kinainama. Mimi naona aibu mbele ya watu, nakugusa goti, nakunong'oneza kwamba umelala. Nawe unanijibu bila kufungua macho: "Sijalala. Nimewaachia."

Nilidhani ni utani wa mzee anayeficha usingizi. Kumbe kila Alhamisi nilikuwa nakurudisha kutoka mahali ambapo mimi jana nilipachungulia tu. Laiti nisingekugusa lile goti. Laiti ningekuuliza siku ileile maana ya kuachia, wakati ulipokuwa hapa, mkono wako uko karibu na wangu, na mimi nina haraka ya kukusahihisha.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Zuhura alivaa viatu mlangoni akauliza kama wiki ijayo alete maandazi au visheti. Mama akamjibu visheti, haraka, kama vile jambo lenyewe halikuwa na shaka tangu mwanzo. Basi uradi upo, Bibi. Nilikwenda chumbani nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Sasa nakuaga, basi la shule liko karibu. Mungu akupe nuru huko ulipolala. Nakuahidi Alhamisi nitaanza kwa upole, na yeyote atakayeinamisha kichwa sitamgusa goti. Lakini kuna jambo moja sijalielewa, na sina mwingine wa kumuuliza. Tafadhali nijibu upesi, hata kwa ndoto: siku midomo yangu nayo itakapotulia, nitajuaje kama nimeachia, au nimechoka tu?

Mjukuu wako,
Salma